Nusu Milimita Niliyoiiba

Kalemie, siku moja kabla ya boti

Papa Saidi, mwanangu,

Salamu naziruka. Tumeamkiana asubuhi hii hii, umekula mkate wangu na umelalamika kwamba chai haina sukari, kwa hiyo najua u mzima, na wewe unajua mimi mzima. Sasa umekwenda Katanika kumuaga shangazi yako, na jinsi ninavyomfahamu hatakuachilia kabla ya saa kumi na moja. Wateja nimewaambia warudi kesho kutwa. Nina nusu siku ya kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo mwaka mzima, ingawa tunakula sahani moja.

Mambo ya safari sitayaandika. Koti utalivaa au hutalivaa, kamio la mizigo likianza kupanda Kirungu baridi itakufundisha yenyewe. Kusali unajua. Kufua unajua, ingawa hupendi. Nataka tuzungumze habari ya mashini ya lile gari lako jekundu, ile iliyovunjika mbele ya watu kwenye lami ya uwanja wa ndege. Nitalisema mapema, nisije nikazunguka kama mbuzi kwenye kamba. Hesabu yako ilikuwa sawa. Mashini haikuvunjwa na hesabu yako. Niliivunja mimi.

Soma tena ukitaka. Mimi mwenyewe nimeandika maneno hayo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana. Lakini kesho unapanda boti la Moba, na kutoka huko Pweto, na kutoka huko Lubumbashi, kwenda kuhesabu matairi katika depo ya Papa Ilunga, mtu ambaye ulipaswa kumfungia mashini za magari yake ya mashindano. Umeikubali kazi hiyo kwa sababu unaamini mikono yako haifai. Nikikuacha uende na imani hiyo, nitakuwa nimekuvunja mara mbili.

Nianze na zile wiki za mabishano, kwa sababu nilizipenda kuliko kitu chochote ambacho atelye hii ya magari imenipa. Ulileta daftari mezani, ukasogeza sahani ya dagaa pembeni, ukaniambia unataka kupandisha kompresio. Kiwandani walikuwa wameweka kumi kwa moja, yaani hewa na esansi iliyojaza nafasi ya kumi pistoni ikiwa chini, inabanwa mpaka nafasi ya moja pistoni ikifika juu. Wewe ulitaka kumi na moja. Nilikuuliza moja hiyo itakusaidia nini. Ukacheka.

“Mama, esansi njo ile ile, lakini nguvu inatoka mingi. Na gari inajibu mara moja. Unakanyaga tu, iko inaenda.”

“Si ungeweka turbo, kama wenzako?”

“Turbo inalala kwanza, Mama, kisha inaamuka. Miye nataka yenye haijalala.”

Nilikutupia maswali kama mama mkwe. Starta itaweza kuizungusha mashini iliyobanwa hivyo asubuhi? Ukasema utaweka betri kubwa. Gaskiti ya kulase, kifuniko kile cha juu ya pistoni, itashika? Ukasema utakaza boliti kwa zamu, kwa kipimo, si kwa hasira. Na joto la saa saba mchana, Kalemie hii? Na esansi yetu, inayovuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya mapipa, inachanganywa na Mungu anajua nini, kisha inauzwa kwa chupa kando ya njia? Maana hilo ndilo tatizo lenyewe. Mashini iliyobanwa sana haivumilii esansi dhaifu. Esansi inawaka yenyewe kabla buji haijairushia cheche, pistoni ikiwa bado inapanda, na pigo hilo linaishukia kichwani. Unasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inapasuka.

Ukanikumbusha gari la mapadri wa Kirungu. Kule juu, hewa nyepesi na baridi, lilikuwa linakwenda bila tatizo. Walilishusha Moba, wakalileta Kalemie kwa mashua kubwa, na siku ya pili likaanza kugonga na padri akafikiri limerogwa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ndiye uliyemwambia kwamba gari halikurogwa, limeshuka tu. “Kwa hiyo miye najua esansi yetu na hewa yetu, Mama,” ukaniambia. “Njo maana nasimama kwa kumi na moja. Kumi na moja na nusu ingekuwa muzuri kule Lubumbashi, na esansi ya bei. Hapa itakufa.”

Niliikagua hesabu yako kwa siri, siku uliyokwenda Kabimba kumfungia mteja kulase ya kamio lake la simenti. Nilichukua daftari lako, nikachukua bomba la sindano, nikafunika kulase kwa kioo kilichopakwa grisi, nikajaza mafuta kwenye chemba zake zote nne na kuhesabu yameingia kiasi gani. Ulikuwa sahihi kwa kila chemba. Kuipunguza kulase milimita moja, basi, na kumi na moja inapatikana. Uliacha hata nafasi ndogo ya usalama kwa ajili ya chupa mbaya ya esansi. Mimi nisingeikumbuka nafasi hiyo, na babu yako pia asingeikumbuka.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, kwa muda kama wa kunywa chai. Kisha ukaja na habari kwamba Papa Ilunga anakuja Kalemie kumzika mjomba wake, na amekubali kulitazama gari, na kama litampendeza atakuchukua Lubumbashi. Ulikuwa unaruka ruka kama mtoto. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo.

Hapa lazima nikuambie habari yangu, si kwa kujitetea. Watu wanapenda kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimeshawasikia wazazi wengi wakijifunika kwa msemo huo baada ya kufanya ubaya. Sitajifunika.

Nilipokuwa na miaka ishirini na moja, mtu mwenye karakana Kigoma alimtumia babu yako ujumbe kwamba ananitaka kazini. Alikuwa ameona kulase niliyoiranda. Babu yako alikuwa amestaafu kazi ya reli, yule mzee Saidi ambaye jina lake nimekupa, na ndiyo sababu mpaka leo nakuita Papa hata nikikugombeza. Hakunikataza. Angenikataza ningepigana naye na ningekwenda. Alichofanya, aliniita mbele ya wajomba zangu wote, akaweka mkono juu ya ile mashine ya kuranda aliyoinunua reli walipouza vitu vyao vya zamani, akasema, “Zaina, hii njo yako kuanzia leo. Si ya ndugu zako, ni yako.” Wajomba wakapiga makofi. Mwanamke kupewa mashine, katika mji huu, katika ukoo wetu. Nililia kwa furaha, mwanangu, mjinga mimi.

Baada ya mwezi nikaelewa. Mashine ile hakuna boti linaloibeba. Imefungwa chini kwa zege. Ukiiacha, umemtukana mzee aliyekupa mbele ya ukoo. Ukikaa nayo, umekaa. Mtu wa Kigoma alingoja, kisha akachukua mwingine. Nimeranda kulase za Kalemie kwa miaka ishirini na minane, nyingi zikiwa za makamio ya simenti, na kuna siku nikiwa nimeinama pale niliizima mashine katikati ya kazi. Nilikuwa naangalia ukuta ule ule wenye madoa ya mafuta kama ramani, na najua kila doa. Baba yako alipokwenda kununua vipuri Kigoma na akabaki huko na nyumba nyingine, watu walinihurumia. Hawakujua kwamba kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye alivuka.

Kwa hiyo uliposema Lubumbashi, sikusikia Lubumbashi. Nilisikia kwamba nitabaki na ukuta. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu mbovu.

Jinsi nilivyofanya, ndipo aibu yenyewe ilipo. Unakumbuka sheria ya babu yako, ambayo mimi nilikufundisha kabla hujajua kusoma: mtoto hapimi nyuma ya mkubwa. Mkubwa akishamaliza kazi akakukabidhi, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unafunga. Kuchukua kipimo na kukiweka juu ya kazi ya baba yako au mama yako ni kumwambia kwamba ni mwongo. Fundi mmoja alimpimia babu yako mara moja tu, na hakukanyaga tena hapa. Umekua ndani ya sheria hiyo. Hujawahi kunipimia, hata siku nilipokuwa na homa na mkono unatetemeka.

Ulinipa kulase asubuhi ya Alhamisi, ukasema, “Mama, nitolee milimita moja, kamili.” Nikatoa milimita moja. Nikaizima mashine. Nikaifuta kulase kwa kitambaa. Uso ulikuwa safi, unaweza kujiona. Nikasimama pale, wewe ukiwa nje unasafisha pistoni na unaimba vibaya kama kawaida yako. Kisha nikaiwasha tena. Nikapitisha jiwe la mashine mara ya pili, ya tatu, mpaka nusu milimita nyingine ikawa vumbi chini. Hakuna shetani aliyenishika mkono. Nilikuwa nahesabu kila duara.

Nilikukabidhi, ukapokea kwa mikono miwili. “Aksanti, Mama.” Ukafunga.

Siku ya majaribio nilikuja pale uwanja wa ndege nimevaa kitambaa changu kizuri. Nilijiambia kwamba itagonga kidogo tu, Papa Ilunga atakunja uso, ataondoka, na wewe utanung'unika wiki moja kisha maisha yataendelea. Mama anayedanganya anaanza na nafsi yake. Ilikuwa saa saba, lami inatoa mvuke. Mara ya kwanza ulipita vizuri, na sauti ile ilikuwa tamu mpaka vijana wa pikipiki wakazima zao wasikilize. Nilijivuna. Ndiyo, nilijivuna, huku najua. Mara ya pili niliisikia misumari ndani ya kopo. Papa Ilunga aliisikia pia, akainua mkono usimame. Hukumwona. Ulikuwa unakanyaga kwa sababu uliamini hesabu yako, na ulikuwa na haki ya kuiamini. Kisha moshi mweupe, kisha wa buluu, na gari likajisukuma lenyewe mpaka pembeni na kusimama.

Papa Ilunga si mtu mbaya. Alikushika bega. “Mutoto, mukono uko nayo,” akasema. “Hesabu njo hauna. Na moteri haisamehe muntu wa hesabu mubaya.”

Ukasema, “Ndiyo, Papa.” Ukanitazama mimi, nafikiri ulitaka niseme kitu. Nikakupa chupa ya maji.

Tangu siku hiyo umekuwa mtu mwingine, na mimi nimekuwa natazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Daftari ulilichoma kuwasha moto wa kupikia chai. Mteja akija na swali la kipimo unamleta kwangu. Unafunga gaskiti nene kila mahali ili kompresio ishuke, kwa woga, magari ya watu yanatoka hapa yamelegea, na unawaambia ni kwa usalama. Jana nilikukuta unahesabu boliti kumi, ukazihesabu tena, ukamwomba mpita njia azihesabu. Mwanangu wewe, uliyemfundisha padri. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekuwa na urefu wa mwaka mzima na nimeitembea kila siku asubuhi mpaka jioni, na kila siku nilisema nitakuambia kesho.

Nilipata nilichokitaka, unaona. Ulibaki. Lakini aliyebaki si yule niliyetaka abaki.

Mimi si mtu wa kukupa mawaidha baada ya haya, ningechekwa hata na mbuzi wa jirani. Nitakuambia tu mambo mawili ninayoyajua kama fundi. La kwanza, wanaosema kompresio kubwa ni mbaya wanasema kwa woga, na wewe sasa umekuwa mmoja wao. Kompresio kubwa ni nzuri. Inakamua kila tone la esansi, inampa dereva jibu la haraka, inafanya mashini ndogo iwe na heshima mbele ya kubwa. Ila inataka kila mtu aliyeigusa awe amesema kweli: aliyeuza esansi, aliyekaza boliti, aliyeranda. Mashini legevu inabeba uongo mwingi na inaendelea kutembea, kama mimi. Yako haikuweza, na hilo si kosa lake.

La pili, pima nyuma ya kila mtu. Pima nyuma yangu, pima nyuma ya Papa Ilunga akiwa anakutazama, na akikasirika mwambie mama yako ndiye aliyekufundisha. Sheria ya babu yako ilikuwa nzuri kwa wazee, kwa sababu iliwaficha.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu maneno peke yake ni rahisi. Kulase ile uliyoniambia niitupe, sikuitupa. Iko chini ya meza yangu, imefungwa kwa gunia la mchele. Ipime. Unene wa kiwandani unaujua kwa kichwa, toa, na utaona milimita moja na nusu imeondoka. Wewe uliomba moja.

Na juzi nilimpigia Papa Ilunga simu. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningekata. Akasema, “Mama, miye nina watoto. Nasikia.” Akaongeza, “Lakini maneno ya simu haipimwe. Aniletee ile kulase, nipime mwenyewe. Kama njo vile unasema, depo nitamupa muntu mwingine, na yeye atafunga moteri.”

Kwa hiyo mlango uko hapo, ila una bei na sitaki uigundue njiani. Ukiipeleka kulase ile Lubumbashi, mafundi wataitazama na watauliza nani aliiranda, na utajibu. Habari za mafundi zinafika Kalemie kabla ya boti. Nani ataniletea kulase tena, mwanamke aliyeharibu kazi ya mtoto wake mwenyewe? Nimelifikiria hilo siku mbili. Naogopa, siwezi kukudanganya. Lakini usiniachie hapa ile kulase kwa sababu ya kunihurumia. Ukiiacha kwa huruma utakuwa umejifungia kwenye depo ili mimi nibaki na jina, na hapo tutakuwa tumefungwa wote wawili. Ibebe. Ni nzito, lakini umeshabeba zaidi.

Kuna jambo moja bado. Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya nguo zako, uikute ukiwa Pweto, mahali ambapo usingeweza kunirudia. Nilikuwa hata nimechagua lile shati la kijani. Kisha nikaona ninachokifanya. Ungeisoma juu ya mizigo ya watu, katikati ya njia, umejaa hasira na huna wa kumjibu, na mimi huku ningekuwa salama na chai yangu. Ni kazi ile ile niliyoifanya Alhamisi ile, kukukabidhi kitu kibaya kisha kutazama pembeni.

Kwa hiyo utakaporudi kutoka Katanika utanikuta mezani. Nitakupa karatasi hizi mkononi na utazisoma mbele yangu. Sitaondoka kwenda kuangalia sufuria, wala sitasema nimesikia mteja. Unaweza kupiga kelele. Unaweza kuninyamazia na kupanda boti bila kuniaga, hiyo haki unayo. Nitakaa kimya, sitakukatiza, mpaka ufike neno la mwisho.

Umefika. Inua macho, Papa, uniambie.